"Turbo Ninayo Mwenyewe, Wewe Funga Tu"

Sentensi hiyo tunaisikia karibu kila wiki. Mteja anaingia na SUV yake ndogo ya familia, injini ya petroli ya lita 2 isiyo na turbo, anafungua buti, na ndani kuna turbo ya mtumba imeviringishwa kwenye gunia. "Fundi, turbo ninayo mwenyewe, wewe funga tu." Tukimwandikia makadirio, anakuta gharama ya kazi imeipita bei ya turbo mara kadhaa, na uso unabadilika palepale.

Hivi karibuni mmoja aliondoka na hasira. "Bolti chache na hosi mbili tatu, mnanitoza kama mnaninunulia injini mpya!" Siku ile sikumjibu vizuri, mikono yangu ilikuwa ndani ya injini ya mtu mwingine. Nimeona nijibu kwa maandishi, maana wenye swali lake ni wengi na wana haki ya kujua pesa yao inakwenda wapi.

Turbo yenyewe haina uchawi. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu dogo la mapanga. Kwenye shafti hiyohiyo, upande wa pili, kuna gurudumu jingine linalovuta hewa na kuishindilia ndani ya silinda. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili wazo hili mwaka 1905, na hadi leo kanuni haijabadilika. Hewa ya kawaida ina shinikizo la kama bar 1; ukiongeza bar 0.5 tu, injini ya lita 2, kwa hesabu ya haraka, inapata hewa kama ya injini ya lita 3, ukitoa kidogo kinachopotea kwa joto. Ndiyo maana watu wanaipenda, na sisi pia tunaipenda.

Tatizo ni injini inayofungwa turbo hiyo. Injini iliyotoka kiwandani bila turbo imepangwa igandamize mchanganyiko wa hewa na petroli kwa nguvu yake yenyewe, mara nyingi kwa mgandamizo wa 10 kwa 1 au zaidi, yaani kilichojaza nafasi 10 kinabanwa kwenye nafasi 1. Ukiiletea hewa iliyokwisha gandamizwa nje, halafu yenyewe ikagandamiza tena, joto ndani ya silinda linapanda mpaka petroli inawaka yenyewe kabla moto wa plagi haujafika. Hapo injini inagonga. Angalia Mazda CX-5: injini ya lita 2.5 isiyo na turbo ina mgandamizo wa 13 kwa 1. Kiwanda kilipotaka kuweka turbo kwenye lita hizohizo 2.5, kilishusha hadi 10.5 kwa 1. Yaani wenye injini yao, wenye michoro na maabara, hawakuchukua ile ya kawaida wakaibandika turbo.

Na waliowahi kujaribu kuubakiza mgandamizo juu walilazimika kutafuta njia nyingine. Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962, moja ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa na turbo, lilikuwa na mgandamizo wa 10.25 kwa 1, na ili lisigonge lilibeba tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yaliyopulizwa ndani ya injini wakati wa kukanyaga. Wenye magari wengi walisahau kujaza tangi. Tangi likiisha, gari linapunguziwa shinikizo na nguvu inaondoka. Halikudumu sokoni, mwaka 1963 ndio ulikuwa wa mwisho.

Sasa yule mteja wetu. Alikwenda kwingine, akafungiwa turbo kwa siku moja, na kwa wiki mbili tatu alikuwa mtu mwenye furaha. Halafu gari likaletwa hapa likivutwa. Nilipotoa plagi ya silinda ya 3 nikaisogeza kwenye tochi, nikaona kwenye ile kauri nyeupe vitone vidogo vinavyong'aa. Vile ni aluminiamu. Pistoni imeanza kuyeyuka na kujirushia kwenye plagi. Tulipofungua silinda hedi, ukingo wa pistoni juu ya ringi ya kwanza ulikuwa umemeguka kipande chenye upana wa ukucha wa kidole gumba, na ukuta wa silinda umechorwa mistari kutoka juu hadi chini. Yeye alikuwa amesimama pembeni, hakusema kitu kwa muda mrefu.

Kilichoiua injini ile ni kitu ambacho hakionekani ukifungua boneti: kompyuta ya gari haikuguswa. Nozeli zinazopuliza petroli zilikuwa zilezile za kiwandani, na sensa ya shinikizo la hewa ilikuwa ile inayosoma mpaka kiasi cha bar 1, yaani hewa ya kawaida tuliyo nayo hapa nje. Turbo ikianza kushindilia, sensa hiyo imeshafika mwisho wa kipimo chake. Kompyuta haijui kwamba hewa imezidi, inaendelea kutoa petroli ya zamani, na injini inakosa petroli wakati ule ule inapoihitaji zaidi. Kwa mwendo wa kawaida injini ya petroli inakwenda na uwiano wa 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, kwa uzito. Ikiwa na turbo na mguu uko chini, tunataka karibu na 12 kwa 1, maana petroli ile ya ziada ndiyo inayopoza silinda.

Kwa hiyo tunapoandika kwenye makadirio "kuprogramu kompyuta", usisome kama ni kuchomeka waya na kubonyeza kitufe. Tunabadilisha sensa, tunaweka nozeli kubwa, tunahakiki kama pampu ya mafuta inaweza kuzilisha, tunaweka plagi za baridi zaidi, yaani zinazotoa joto haraka, na kupunguza mwanya wake. Halafu gari linapandishwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, tunapanga petroli na muda wa moto hatua kwa hatua, tukisikiliza kugonga kwa vifaa vya masikioni. Inachukua siku nzima, mara nyingine mbili. Kuna vikasha vidogo vinauzwa vya kuidanganya sensa ili kompyuta iamini mambo ni ya kawaida. Mimi sivifungi, hata mteja aniletee bure.

Suala la pili ni oili, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoanguka. Shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili inaingia kwa pampu lakini inatoka kwa kuteremka tu. Kaka mmoja alitujia akiwa amenunua turbo yake ya tatu. Kila aliyofunga ilitoa moshi wa buluu, na kila fundi alimwambia "hii turbo uliuziwa mbovu". Tulilala chini ya gari dakika 5 tukaiona: hosi ya kurudisha oili ilikuwa nyembamba, na kabla ya kufika kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, ilishuka, ikapanda, ikashuka tena kama bomba la sinki. Oili ilikuwa inajaa ndani ya turbo na kupenya kwenda kwenye moshi. Tuliweka bomba pana linaloteremka moja kwa moja. Turbo ya pili aliyoitupa stoo tuliisafisha, tukaipima, tukaifunga, na ndiyo anayoendeshea mpaka leo.

Mwingine turbo yake ilikauka ndani ya kilomita chache. Tulikuta kwenye tundu la kuingizia oili punje ya gundi ya gasketi, ya kijivu, haizidi kichwa cha kiberiti. Fundi alipaka gundi nyingi ili isivuje. Sisi hapo hatupaki kitu, tunaweka gasketi yake. Na kabla injini haijawaka mara ya kwanza tunamimina oili safi kwenye turbo kwa mkono, tunakata moto wa plagi, tunazungusha kwa stata mpaka oili ionekane inarudi. Mteja anayesubiri nje anaona tunapoteza muda.

Kuhusu kipoza hewa, nitasema machache. Hewa ikishindiliwa kwa bar 0.5, hata kama nje ni digrii 30, inaweza kuingia kwenye injini ikiwa imepita digrii 80. Lazima ipozwe. Kwenye SUV ndogo nafasi mbele ni finyu, rejeta na kondensa ya kiyoyozi zimeshabanana, na ukiweka kipoza hovyo unaziba hewa ya rejeta na gari linachemka. Kukata, kupinda na kuchomelea mabomba yapite vizuri ni kazi ya mikono. Vivyo hivyo giaboksi, hasa zile za mkanda, zina kikomo cha nguvu zinazobeba, na breki zilipimwa kwa gari la nguvu ya zamani. Haya yote tunayataja kabla, sio baada.

Kuna magari tunayakataa. Kabla ya lolote tunapima kompresheni, yaani kila silinda inabana hewa kwa nguvu gani, na silinda moja ikiwa imeachana mno na wenzake, hatufungi turbo mpaka ringi zishughulikiwe. Wengine wanaona tunatafuta kazi ya ziada. Lakini pia tumewahi kukataa kazi kwa sababu tofauti kabisa. Mama mmoja alitaka turbo kwa kuwa gari lake lilikuwa linakohoa mlimani likibeba watoto na mizigo. Tulipolipima, kichujio cha moshi kilikuwa kimeziba na breki ya nyuma upande mmoja ilikuwa inashika. Tulitengeneza hivyo viwili. Akapanda mlima wake bila turbo, kwa sehemu ndogo sana ya pesa aliyokuwa ameiandaa.

Kama bado unataka turbo baada ya kusoma haya, njoo tuzungumze. Njoo na kumbukumbu za sevisi, na useme kweli kama injini iliwahi kuchemka. Usimwage oili siku moja kabla ya kuja ili gari lionekane safi. Nataka kuiona ile iliyokuwa ndani.