Kwa binamu yangu wakili anayetaka kusoma biashara

Binamu,

Mama yako alinipigia akilia, eti unatupa sheria uende kusoma MBA, ile shahada ya uzamili ya biashara, na mimi ndio niongee na wewe kwa sababu niko benki. Basi naongea, lakini si vile alitarajia. Mimi naona uende.

Kwanza hutupi kitu. Ile LLB, shahada ya sheria ya miaka minne, Kenya School of Law pale Karen, ile miezi sita ya kukaa chini ya wakili mkubwa ukikimbia na mafaili kwenye mahakama za Milimani, hakuna mtu atakunyang'anya. Jina lako linabaki kwenye Roli, ile orodha rasmi ya mawakili, hata usipochukua leseni ya mwaka, ni vile tu huwezi kufanya kazi ya uwakili bila hiyo leseni, na kifungu cha 9 cha Sheria ya Mawakili unakijua kuniliko. Mwelezee mama hivyo, polepole, ataelewa.

Hata darasani hutakuwa mgeni sana. Kule Harvard shule ya biashara ilifunguliwa 1908, na hii njia ya kufundisha kwa kujadili kesi wakaiga kwa shule ya sheria ya hapohapo, ambako mkuu wake Langdell aliianza 1870. Kusoma kurasa thelathini usiku na asubuhi kutetea msimamo, wewe hiyo umezoea.

Kinachonisumbua ni hesabu.

Unakumbuka shangazi alivyoleta makaratasi ya mkopo wa duka kule Buruburu? Ulisoma yote hadi yale maandishi madogo ya nyuma, ukaona pale panaporuhusu mkopeshaji kubeba friji na stoki shangazi akichelewa kulipa mwezi mmoja tu, na hakuna mwingine angeona. Halafu ukamuuliza swali zuri kabisa, baada ya rent na stima na mshahara wa msichana wa duka unabaki na ngapi? Akakupa kitabu cha mauzo, ukafungua, ukaangalia zile safu mbili, ukakifunga ukanipa mimi. Binamu, hapo ndio penye kazi, na MBA haitakungoja ushike, semista ya kwanza tu ni uhasibu na fainansi na watu wa CPA, waliosomea uhasibu, wamekaa karibu na wewe wanamaliza kabla ujue swali ni gani.

Kwa hivyo kabla ulipe karo yoyote, jisajili hata kwa masomo ya mwanzo ya CPA ya KASNEB, ile bodi ya mitihani ya uhasibu, jioni, na ushike Excel vizuri. Ukitaka ng'ambo bado utahitaji hizo namba, GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya MBA, ni sehemu tatu za dakika 45 kila moja na mbili kati yake ni hesabu na kusoma majedwali.

Ila kama unauliza mimi, soma hapa hapa, Strathmore ama Chuo Kikuu cha Nairobi, ukiendelea na kazi. Wale utakaa nao darasani ndio watakuwa mameneja wa mabenki na sacco za huku, na hutarudi na deni la dola.

Sasa niandikie ni kazi gani unaitaka kabisa, mikopo, compliance (kuhakikisha benki inafuata sheria) ama biashara yako mwenyewe, maana kila moja ina njia yake. Nitumie WhatsApp hata usiku, kuna mwenzangu wa upande wa mikopo aliyetoka sheria na amekubali mkae muongee.