Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Trei na Vipande

Ndugu wanachama wenzangu,

Kwa niaba ya kamati tendaji ya chama chetu cha walimu wa muziki wa wanafunzi wenye usonji nawasalimu na kuwashukuru kwa kufika. Desturi yetu ni kuanza na vikao vilivyofanyika na barua zilizojibiwa. Hayo katibu ameyaandika vizuri na mnayo mikononi, kwa hiyo naomba mniruhusu nianze na kipande cha mbao.

Ni kipande kidogo, hakijazidi upana wa kiganja cha mtoto, nacho kinasimama badala ya nota ya pigo moja. Vinne vyake vinajaza trei moja, na trei ni baa, yaani fungu moja la muziki, ya mapigo manne. Nota ya mapigo mawili ina urefu wa vipande viwili, na nota ya mapigo manne inaijaza trei peke yake. Mwanzoni mwa mwaka mwanachama mmoja alikuwa na mwanafunzi mwenye usonji ambaye kwa miezi kadhaa aliingia darasani, akaziba masikio, akajikunja chini ya meza mpaka kipindi kiishe. Mwalimu akaacha kumwita atoke. Aliketi sakafuni mbali kidogo naye, akaweka trei, akatia kipande kimoja na kugonga ngoma mara moja kwa ncha ya kidole. Akatia cha pili, akagonga tena. Baada ya cha nne aliifunika trei kwa kitambaa na kuondoka. Alirudia hivyo hivyo kipindi kilichofuata, bila kuongeza neno. Kipindi cha tatu alitia vipande vitatu tu, akasogea nyuma. Mkono ukatoka chini ya meza, ukatia cha nne. Kisha kidole kikagonga sakafu, mara moja, mahali pake hasa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kinachowatisha wanafunzi wetu ni sauti. Kwa baadhi yao ndivyo ilivyo: filimbi kali au matoazi yanaweza kuwaumiza kweli, na vizuia kelele vya masikioni lazima viwepo darasani kama vile viti vinavyokuwepo. Lakini mwaka huu nimesadiki kwamba wengi wanatishwa zaidi na somo lisilo na ukingo. Hawajui wanachotakiwa kufanya, kitachukua muda gani, wala watajuaje kwamba kimekwisha. Tunaposema “tuimbe tena kidogo,” hiyo “kidogo” haina mwisho unaoonekana. Fumbo la vipande linajibu yote hayo mwalimu akiwa kimya. Nafasi tupu inaonyesha kilichobaki, na trei ikijaa kazi imekwisha.

Wazo hili si letu. Eric Schopler na wenzake katika TEACCH, mpango wa kufundisha watu wenye usonji ulioanza kuhudumia jimbo zima la North Carolina nchini Marekani mwaka 1972, walijenga ufundishaji wao juu ya mambo yanayoonekana: ratiba ya picha, kazi iliyopangwa kutoka kushoto kwenda kulia, na mahali maalumu pa kuweka kilichokamilika. Na muziki wenyewe uliutumia msaada wa macho karne nyingi kabla ya hapo. Katika karne ya 11 mtawa Guido wa Arezzo alifundisha waimbaji kwa mistari yenye rangi, mwekundu kwa sauti inayoitwa F na wa njano kwa sauti inayoitwa C, ili jicho lipate pa kushika. Baadaye sana, katika karne ya 19, John Curwen wa Uingereza aliunganisha majina ya sauti do, re, mi na ishara za mkono. Kwa hiyo mwalimu mwenzako akikuambia kwamba rangi na picha ni njia ya mkato isiyo ya muziki wa kweli, mwambie kwa upole kwamba waimbaji wa kanisa walisoma kwa rangi miaka elfu moja iliyopita.

Sasa niseme tulikokosea, kwa sababu humo ndimo tulimojifunza zaidi.

Seti ya kwanza ya mafumbo tuliyotengeneza ilikuwa na meno pembeni, kama picha za kuunganisha vipande ambazo watoto wengi wanazijua. Tulidhani tumewarahisishia. Wanafunzi wakazijaza trei kwa kasi ya kushangaza, sisi tukafurahi na kuandika katika daftari kwamba wameelewa mapigo. Mjumbe mmoja wa kamati, ambaye yeye mwenyewe ana usonji na anapiga kinanda, alikaa akatazama somo zima, kisha akasema: “Wanasoma meno. Hawasikii chochote.” Alikuwa sahihi. Watafiti Uta Frith na Amitta Shah walionyesha mwaka 1983 kwamba watoto wenye usonji ni hodari wa kuliona umbo lililofichwa ndani ya picha kubwa. Tukawapa umbo, nao wakafanya kile wanachokifanya vizuri kuliko sisi. Muziki ulibaki nje ya trei.

Tulikata meno yote. Vipande vya sasa vina kingo zilizonyooka, na kinachoamua kama kitaingia ni urefu wake tu, yaani muda wa nota. Tukaongeza sharti moja ambalo nawasihi mlishike hata mkisahau mengine yote: kipande hakiingii kabla hakijasikika. Mwanafunzi anakipiga au anakiimba, au mwalimu anampigia, ndipo kinapachikwa. Mwanzoni kasi ilishuka sana na wazazi wengine walidhani watoto wao wamerudi nyuma. Niliwaomba waje wasikilize badala ya kutazama. Mzazi mmoja aliyefumba macho darasani alisikia baa mbili kamili, zikifuatana bila kuyumba, kutoka kwa binti yake asiyezungumza.

Kosa la pili lilikuwa la rangi, na hilo lililipwa na mtoto. Wengi wenu mnatumia Figurenotes, mfumo alioubuni Kaarlo Uusitalo wa Ufini miaka ya 1990, ambamo kila sauti ina rangi yake na umbo linaonyesha oktava, yaani kama sauti hiyo ni ya juu au ya chini. Humo C ni nyekundu, E ni kijivu, A ni njano. Wengine mnatumia mirija ya plastiki ya kugonga ambayo nayo C yake ni nyekundu, lakini njano ni E. Kwa kuwa nyekundu ilifanana, hakuna aliyeona tatizo. Mwanafunzi mmoja alihama kutoka kwa mwalimu mmoja kwenda kwa mwingine, wote wanachama wetu, akiwa amekwisha kujifunza kwamba njano ni A. Alipiga njano, ikatoka E. Akapiga tena, ikatoka E tena. Mtu mwingine angesema “aa, huku wanatumia rangi nyingine.” Kwake ilikuwa kama kuamka na kukuta jina la mama yake limebadilishwa. Alijipiga kichwani, akalia, na wiki kadhaa zikapita kabla hajakubali kugusa chombo chochote.

Walimu wale wawili hawana lawama. Lawama ni yangu na ya kamati, kwa sababu hatukuwahi kukubaliana. Ndiyo maana ajenda ya tano leo ni pendekezo la kutumia ufunguo mmoja wa rangi katika vituo vyote, na kila mwanafunzi anayehama apewe bahasha yenye ufunguo huo, ratiba yake ya picha na kadi anazozifahamu. Pendekezo linataka pia rangi isitumike peke yake. Kila kipande kiwe na umbo au alama vilevile, kwa kuwa wapo watoto, hasa wa kiume, ambao nyekundu na kijani kwao hazitofautiani. Nawaomba mlipitishe.

Kuhusu picha za ukutani nitasema machache. Picha moja iseme jambo moja. Mwaka huu nimeona kadi nzuri kwa macho yetu zenye mtoto anayetabasamu, ngoma, maua na nyota, zote kwa ajili ya neno “piga.” Mwanafunzi akatazama maua. Mchoro mweusi wa mkono juu ya ngoma, kwenye karatasi nyeupe, unatosha. Kuta nazo zipumue.

Suala la sikio lina uzito zaidi. Daktari Leo Kanner, katika makala yake ya mwaka 1943 iliyoeleza watoto 11, alimtaja mvulana ambaye mama yake alisema aliweza kutofautisha simfoni 18, yaani tungo ndefu za okestra, akiwa na mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1998 mtafiti Pamela Heaton na wenzake walichapisha utafiti ambamo watoto walifundishwa kuihusisha kila sauti na picha ya mnyama, na wale wenye usonji wakakumbuka sauti vizuri kuliko wenzao wasio na usonji. Si kila mwanafunzi wetu yuko hivyo, na tusimtarajie kila mmoja awe na kipaji cha ajabu. Lakini tunapompa mtoto kadi yenye mnyama au rangi, tukumbuke kwamba huenda sikio lake limefika kabla ya jicho, na kadi inampa tu jina la kitu anachokijua tayari. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, kung'ang'ania kadi ni kumchelewesha. Derek Paravicini, mpiga piano wa Uingereza mwenye usonji, haoni kabisa. Mwalimu wake Adam Ockelford alimfundisha kwa mikono na masikio. Ninapowasifia vielelezo namna hii, namkumbuka yeye.

Kwa hiyo tumeanza kuandika, kwa kila mwanafunzi, lini msaada unaondolewa. Tunaondoa kimoja kimoja: kwanza rangi inafifishwa huku umbo likibaki, halafu umbo linageuka nota ya kawaida iliyokaa mahali pake kwenye mistari mitano. Vipande vya mbao vinaondoka mwisho. Wapo wanaofika kwenye nota za kawaida kwa muda mfupi. Wapo ambao watabaki na rangi maisha yao yote, nao ni wanamuziki kamili. Mwanachama aliyeuliza kwa barua kama mtoto anayesoma kwa rangi ahesabiwe “bado hajahitimu,” jibu la kamati ni hapana.

Baadhi yenu mliandika kuhusu nembo. Kipande cha fumbo kilianza kutumika kama alama ya usonji huko Uingereza mwaka 1963, na watu wengi wenye usonji hawakipendi, kwa kuwa kinawaonyesha kama kitu kilichopungua au kitendawili cha kuteguliwa na wengine. Wajumbe wetu wenye usonji wamesema hivyohivyo ndani ya kamati, na kwa maneno makali kuliko ninayoyaandika hapa. Tumekubaliana nao. Fumbo litabaki mezani, mikononi mwa mwanafunzi, ambako yeye ndiye anayefumbua. Halitawekwa kwenye bango, fulana wala barua zetu.

Jambo linalofanana na hilo ni maneno tunayowaambia wazazi. Nimesoma matangazo ya watu walio nje ya chama hiki yakiahidi kwamba muziki unapunguza usonji. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watoto 364 katika nchi 9, ulipima tiba ya muziki wa kubuni papo kwa papo na haukuona tofauti ya maana katika ukali wa dalili ukilinganisha na huduma ya kawaida peke yake. Tiba si somo, na sisi ni walimu. Lakini funzo linatuhusu. Mzazi akiuliza mtoto wake atapata nini kwetu, jibu letu ni muziki. Atajua mapigo, atapiga wimbo, ataweza kukaa na wengine akacheza sehemu yake akijua inaanzia na kuishia wapi. Nikimtazama yule binti aliyepiga baa zake mbili, sioni kwa nini tuone haya kuahidi hilo tu.

Mengine kwa ufupi. Maktaba ya zana imefanya kazi vizuri, isipokuwa seti nyingi zimerudi zikiwa na upungufu. Tafadhali hesabuni kabla ya kurudisha: seti yenye pengo moja ni ile ambayo mwanafunzi hawezi kuimaliza, na mmeshaona jinsi kumaliza kulivyo na uzito kwake. Mafunzo ya walimu wapya yataendelea kila robo mwaka, yakiongozwa kwa zamu na mjumbe mwenye usonji na mwalimu mzoefu. Wanachama wawili waliotengeneza trei zote kwa mikono yao wameomba wasitajwe, nami naheshimu ombi lao, ila shukrani zangu wanazisikia walipokaa. Kuhusu yule mwanafunzi wa rangi ya njano, mwalimu wake ameniruhusu kusema kwamba amerudi. Aliletewa mirija iliyofunikwa kwa karatasi za rangi anazozijua, akagusa ya njano kwa kidole kimoja, akasikia A. Akaigusa tena mara nyingi sana, na hakuna aliyemharakisha.

Ratiba ya mkutano huu iko ukutani kwa picha, kama mlivyoomba mwaka jana. Naitoa kadi ya mwenyekiti na kuiweka kwenye kisanduku cha yaliyokwisha. Inayofuata ni ya mweka hazina.