Barua kwa mwanangu Somoe, kabla ya safari ya Mpanda

Newala, Juni

Mwanangu Somoe,

Assalaam aleikum. Issa kaniambia kwenye simu kwamba barua ya uhamisho imetoka na Jumatatu unaondoka kwenda Mpanda. Hongera sana. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri, mtoto wa mwalimu wa chaki! Pale kahawani nimeshawaambia wote, hata wasiouliza. Ila habari kama hiyo kunifikia kwa mdomo wa mdogo wako haijanipendeza, nalo tutaliongea siku nyingine.

Nina swali moja. Huko uendako presha utapimiwa na nani?

Mama yako unamwambia ubavu hauumi tena, kwa hiyo yamekwisha. Hayajakwisha. Maumivu yameondoka kwa kuwa kile kipande cha figo kilichokosa damu kimeshakufa, na kilichokufa hakiumi. Mshipa uliokiponza bado upo palepale.

Daktari alituchorea nyuma ya fomu ya maabara. Wewe ulikuwa kwenye simu, mimi niliiomba ile karatasi na ninayo hadi leo. Mshipa wa figo kauchora kama uzi wa shanga, panabana, panatuna, panabana tena. Ugonjwa huu hautokani na mafuta ya chakula. Ukuta wa mshipa wenyewe umejijenga vibaya, na kwa nini hasa, wataalamu bado wanatafuta. Wagonjwa tisa katika kila kumi ni wanawake, na wengi ni watu wenye nguvu zao. Shangazi yako anayesema umerogwa na watu wa ofisini mwache aseme, sitagombana na dada yangu kwa hilo. Kwako ukuta wa ndani ulichanika, njia ikaziba, sehemu ya chini ya figo ya kushoto ikakosa damu. Figo ikiona damu inayoifikia ni kidogo hudhani mwili mzima umepungukiwa, hivyo inaanzisha homoni za kupandisha presha. Ndiyo maana ukasomeka 172 kwa 110 na mwili wako huo mwembamba, miaka 31.

Basi upime. Asubuhi kabla ya chai, umekaa, mgongo umeegemea, miguu hujaipishanisha, huongei. Unaandika. Unakagua vitabu vya halmashauri nzima, halafu kidaftari chako cha presha Issa anasema kina kurasa tupu tangu Idi.

Ninachokiogopa hasa ni hiki. Utafika mahali wasipokujua, usiku mmoja ubavu utakata tena, na wa kwanza kukuona atakuandikia dawa za UTI. Sitamlaumu. Ubavu ukiuma, mara nyingi ni mawe kweli au ni maambukizi kweli, na ugonjwa huu wako ni wa nadra, tabibu anaweza kufika kustaafu hajaukuta. Lakini wewe ulishamaliza dozi za UTI na mkojo hauna usaha, una damu tu. Ukaambiwa mawe. Ultrasaundi haikuona jiwe, CT ya kwanza isiyo na dawa ya mshipani nayo haikuona jiwe, ukarudishwa nyumbani kuwa huna kitu, na huku unatapika. Mimi niliyekuhimiza unywe maji madumu kwa madumu ili jiwe litoke, nilikuwa narudia maneno yao. Mpaka yule daktari kijana alipoangalia presha, akaangalia na LDH, kile kipimo cha damu kinachopanda nyama ya mwili ikifa, iliyokuwa juu mno, akasema kuna nyama imekufa mahali, mrudisheni kwenye mashine na safari hii achomwe dawa ya kuonyesha mishipa. Ndipo likaonekana lile doa jeusi lenye umbo la kabari.

Kwa hiyo CD ya ile CT pamoja na ripoti yake visiende kwenye buti la basi. Weka kwenye mkoba wa mkononi. Ukifika Mpanda, hata nyumba hujapata, nenda hospitali uwaonyeshe wafungue faili. Maumivu yakianza ghafla sema neno hili kabla ya mengine yote: nina ugonjwa wa mshipa wa figo, nipimeni presha. Wakikuambia ultrasaundi ni safi, wajibu kwamba hata ile ya kwanza ilikuwa safi.

Na diklofenaki zako, Somoe. Mama yako anajua unazificha wapi. Dawa hizo zinaipunguzia figo damu na zinapandisha presha, mambo mawili usiyoyahitaji. Ile aspirini ndogo ya 75 ni ya daktari, endelea nayo. Losartani, dawa yako ya presha, usiiache siku unayojisikia mzima, na kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, ipimwe kama ulivyoelekezwa. Kichwa kikianza kukugonga, au ukisikia mvumo sikioni unaokwenda na mapigo ya moyo, usingoje likizo. Ugonjwa huu unaweza kushika na mishipa ya shingo.

Hili linalofuata mama yako kaniagiza niandike, mimi naandika tu. Mkianza kutafuta mtoto, wewe na mwenzako, daktari ajue kwanza. Losartani haifai kwa mwenye mimba, lazima ibadilishwe, na presha iangaliwe kwa karibu. Simwulizi mtu tarehe.

Huku tuko kwenye salfa. Petroli ya mashine ya kupulizia inakula hela kuliko vibarua, na mikorosho ya bondeni imeanza kutoa maua kabla ya ile ya juu. Mbuzi wa bibi yako kazaa mapacha. Bati la jikoni lililong'olewa na upepo fundi anataka tubadilishe yote, mimi nimesema apige kiraka, na hapo mama yako amenuna. Usitume hela ya bati. Hela uliyonayo panga nyumba iliyo karibu na hospitali.

Issa anapanda basi kesho. Amebeba ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, imeshachemshwa, uile siku hiyohiyo. Amebeba pia mashine ya presha, ya kufunga mkono wa juu. Usinunue zile za kifundo cha mkono, za kwangu mbili zimekuwa zikibishana zenyewe kwa zenyewe. Betri nimezitoa zisivuje, ziko ndani ya soksi. Atashuka Mbagala, mpokee, maana hapajui. Ukishaipima mara ya kwanza nitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini, usiniandikie "iko sawa."

Baba yako