Neno mimba halimo: barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka tisa nilikuwa matroni katika sekondari moja ya kata mkoani Pwani. Shule siitaji, maana haya hayakuwa ya shule ile peke yake. Nakuandikia kuhusu waraka wa Novemba 2021, ule ulioruhusu wasichana walioacha shule kwa mimba warudi, na kuhusu kazi niliyoifanya kwa mkono wangu kabla haujatoka.

Kila Januari, shule zikifunguliwa tu, tuliwapanga wasichana foleni nyuma ya stoo. Nesi anakuja na boksi lake la vipimo vya mimba, mimi nagawa vikopo vya plastiki, kisha nasimama mlangoni pa choo asije mtu akaazima mkojo wa mwenzake. (Walikuwa wakiazimana, usishangae.) Vipimo vikiisha, nesi anaendelea kwa kubonyeza matumbo. Mistari miwili ikitokea, binti harudi darasani hata kuchukua daftari. Anatumwa rafiki yake alete begi.

Januari 2018 mistari miwili ilimtokea binti wa kidato cha tatu, yule ambaye wenzake walikuwa wakimfuata jioni awaelekeze hesabu. Mkuu wa shule akaniambia niandike barua. Nikamuuliza kosa niandike nini. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Andika maadili." Nikaandika maadili.

Kanuni tulizokuwa tukizitumia ni zile za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Nimekuja kuzisoma nimeshastaafu, na hilo ni la kunionea aibu. Mheshimiwa, neno mimba halimo. Umo wizi, umo ukahaba, zimo dawa za kulevya, kumo kuharibu mali, limo kosa dhidi ya maadili, na kumo kuingia katika ndoa. Mimba tuliipenyeza sisi wenyewe ndani ya hilo neno maadili, tukazoea mpaka tukaiona ni sheria. Na Hayati Rais Magufuli aliposema pale Chalinze, Juni 2017, kwamba katika utawala wake mwenye mimba harudi shule, wengine wetu tulipumua. Mzazi akija kulia ofisini, tuna la kumwambia: si sisi, mama, ni wakubwa.

Waraka wako, nasema wako kwa kuwa ni wa Wizara, ulifungua mlango, na mwongozo wa mwaka 2022 ukampa binti miaka miwili ya kurudi. Nilifurahi kweli. Ila nimekaa sana katika ofisi za wakuu wa shule na najua waraka huishia wapi. Unagongwa muhuri wa kupokelewa, unatobolewa matundu mawili, unaingia kwenye faili. Mkuu anahamishwa, anayekuja hajui kama upo. Akija mama na binti aliyejifungua, wanaambiwa waende wakalete barua, na hakuna anayesema barua gani wala ya nani. Kanuni iliyotangazwa kwenye Gazeti la Serikali ni kitu kingine. Hiyo mkuu wa shule anaiogopa, na mthibiti ubora anaiulizia.

Mwaka huohuo wa 2022, Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua shauri lililopelekwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao. Iliitaka nchi yetu iache kuwapima wasichana mimba kwa lazima, na irekebishe kanuni hizo. Mimi sijasikia umma ukiambiwa kwa lugha inayoeleweka utekelezaji umefika wapi. Wewe unaweza kutuambia.

Na hilo la ndoa nalo. Binti haoi, anaozwa. Vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu aozwe na miaka 15, Mahakama ya Rufani ilishavikataa Oktoba 2019. Shule inamwadhibu kwa lipi?

Naomba iandikwe ndani ya kanuni zenyewe, kwa maneno ambayo matroni yeyote atayaelewa, kwamba mimba, uzazi na ndoa si sababu ya kumfukuza mwanafunzi, na kwamba foleni ya nyuma ya stoo ni marufuku. Na hiyo miaka miwili iondolewe.

Nasema iondolewe kwa sababu mwaka jana basi letu lilisimama Chalinze, beseni la mananasi likanyanyuliwa dirishani, na chini yake sauti: "Shikamoo, mwalimu." Nikamwomba vipande vya abiria wanne, bei tofauti tofauti. Chenji ya wote alinipa kabla sijapata jumla kichwani. Nikamuuliza kama alisikia habari za kurudi. Alisikia, ila miaka miwili ilikuwa imeshapita. Kituo cha elimu ya watu wazima alichoelekezwa kiko mbali, na akienda huko mchana, mtoto atakula nini jioni? Dereva akapiga honi.

Barua niliyomwandikia bado imo katika faili lake shuleni. Mwandiko ni wangu, saini ya mkuu. Ukizirekebisha kanuni, Mheshimiwa, weka na kifungu cha kuzifuta barua za namna hiyo. Nikihitajika kuja kuonyesha ile ni ipi, nitakuja.

Mwalimu mstaafu,
Pwani