Megapikseli peke yake hazituchagulii kamera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana lile tangazo la kamera mlilolipatia ukurasa mzima limenikera, siyo kwamba napinga matangazo, najua ndiyo yanayoliendesha gazeti, ila limeandikwa namba moja tu kubwa kama kichwa cha habari, MEGAPIKSELI 64 (pikseli ni vile vitone vinavyounda picha, megapikseli moja ni milioni moja yake), alafu basi. Hakuna neno kuhusu lenzi, hakuna sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuunda picha), hakuna zumu, yani uwezo wa kuvuta kitu cha mbali kije karibu. Sasa mzazi anayetafuta kamera ndogo ya bei nafuu ya kuwapiga picha watoto na kwenda nayo likizo anachaguaje hapo?

Hebu tupige hesabu kidogo. Picha ya kuweka kwenye albamu, ile ya sentimita 10 kwa 15, ili itoke safi kabisa inataka pikseli 1200 kwa 1800, yani megapikseli 2 na kidogo. Mbili! Ukitaka kubwa ya A4 ya kutundika ukutani ni kama megapikseli 9, na tivii ya 4K nayo yote nzima inaonyesha 8 na pointi tu. Kamera ndogo za kampuni zinazojulikana zimeshafika 16 au 20 miaka mingi, kwa hiyo zinakutosha na zinabaki. Hizi za 48 na 64 za bei ya kutupa zilizojaa mtandaoni, nyingi sensa yake haina pikseli hizo kabisa, inapiga picha ndogo alafu programu ndani ya kamera inaivuta mpaka ifike namba ya kwenye boksi, faili linakuwa zito lakini ukikuza uso wa mtoto hukuti kope wala nywele, ukungu mtupu. Na baadhi hata kufokasi hazifokasi, lenzi imegandishwa sehemu moja.

Mi ningeanza na sensa. Kamera nyingi za mfukoni zina sensa inayoandikwa 1/2.3, ambayo ukiipima ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, ndogo kuliko ukucha. Kuna daraja la juu yake linaitwa inchi 1 (wala siyo inchi moja ukiweka rula, ni majina yaliyobaki tangu enzi za mirija ya kamera za tivii), hiyo ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake ni kama mara 4 ya ile ndogo. Kuongeza megapikseli kwenye sensa ileile ndogo ni kuongeza abiria kwenye basi bila kuongeza siti, kila pikseli inapata mwanga kidogo zaidi, na jioni ndani ya nyumba ndipo utakapoona picha imejaa chenga chenga.

Kisha lenzi. Pale mbele kwenye lenzi huwa pameandikwa namba kama 1:1.8 au 1:3.4, watu wengi hawazisomi kabisa na ndizo zenye habari yote. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, f/2 (ndiyo hiyohiyo 1:2) inaingiza mwanga mara 4 ya f/4, na mwanga ukiwa mwingi kamera inapiga haraka, na mtoto hatulii jamani, kamera ikichelewa kidogo tu unapata kivuli cha mkono. Wauzaji watakwambia ina kizuia mtikisiko, sawa, ni kitu kizuri na mi napendelea kile cha kwenye lenzi kuliko cha programu, lakini kinatuliza mkono wako wewe mpigaji, mtoto anayekimbia hakimtulizi. Angalia pia namba ya pili, ile ya baada ya kistari kama 1:1.8-4.9, maana lenzi inapovuta inakuwa na giza zaidi. Sony RX100 ya mwaka 2012 inaanza f/1.8 lakini ukivuta mpaka mwisho inashuka f/4.9, wakati Canon G7 X iliyotoka 2014 inaanza palepale 1.8 na mwisho wake ni 2.8. Zote mbili sensa ni ya inchi 1. Tofauti hiyo kwenye tangazo huioni.

Zumu ndiyo sababu hasa ya kununua kamera siku hizi. Lakini iwe zumu ya lenzi, yani optikali, ile ya dijitali ni kukata picha kati na kuikuza, hata kwenye kompyuta nyumbani utaifanya bure. Zumu ya mara 5 inatosha familia nyingi, hizi za mara 30 kwenye kamera ndogo ni tamu mchana wa jua kali ila ukivuta mpaka mwisho lenzi ina giza na mkono unatikisika. Kitu ambacho watu wanasahau ni upande wa pili, je inachukua upana gani? Tafuta milimita za lenzi zinazoanzia, zikiwa ndogo inachukua pana zaidi. Inayoanzia 24 inaingiza watu wengi kuliko ya 28, na mkiwa ukoo mzima sebuleni na nyuma yako kuna ukuta huna pa kurudi, utajua kwa nini nasema.

Na hapa niwe mkweli hata kama muuzaji atachukia, kama simu yako ni nzuri ya miaka ya karibuni basi kamera ya bei nafuu yenye sensa ya 1/2.3 mara nyingi itashindwa nayo usiku, sababu simu inapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha kuwa moja. Ndiyo maana soko limekufa: mwaka 2010 kamera ndogo za lenzi isiyobadilishwa ziliingizwa sokoni zaidi ya milioni 100 dunia nzima, mwaka 2023 hazikufika hata milioni 2. Kampuni kubwa nyingi zikaacha kutengeneza za bei ya chini. Mpya za bei nafuu zilizobaki ni chache, mfano zile PixPro zenye jina la Kodak, ingawa jina limekodishwa tu na anayezitengeneza ni JK Imaging, na kwa picha za mchana hazina neno. Kwa hiyo nunua kamera kama unataka zumu, au unataka kitu cha kumwachia mtoto achezee bila kumpa simu yako yenye benki na meseji zako zote, au likizo ni ya maji tupu, hapo kuna kama Olympus TG-6 inayozama mita 15 bila kifuniko chochote, japo hiyo siyo ya bei ya chini.

Kwa bajeti ndogo mi naona iliyotumika ya sensa ya inchi 1 inaipita mpya ya sensa ndogo, ila vijana nao wamezigundua tena na bei zimepanda, ile RX100 ya kwanza bado ina unafuu. Ukienda kuiangalia iwashe na kuizima mara kadhaa, lenzi itoke na kurudi bila mlio wa kusaga, ikikwama hata mara moja ondoka. Piga picha ukuta mweupe, ukiona madoa yasiyohama sehemu yake kuna vumbi kwenye sensa na kwa kamera hizi kulitoa ni kuifungua yote. Uliza betri yake kama bado inapatikana na chaja yake ipo. Kamera za zamani sana hazisomi kila kadi ya kuhifadhia picha, kuna zinazoishia kadi ya aina ya SD ya GB 2, kuna zinazoishia aina iliyofuata, SDHC, ya GB 32, kwa hiyo usinunue kadi ya GB 128 kabla hujasoma kijitabu chake. Na kabla ya safari seti tarehe na saa, maana kamera iliyokaa muda bila betri inasahau, utarudi na picha zote za likizo zimeandikwa mwaka ambao mtoto alikuwa hajazaliwa na kwenye kompyuta zitajipanga huko.

Msomaji wenu