Nimepanda Morningside bila Mzee

Kimara, Dar es Salaam
20 Julai 2025

Neema mwenzangu,

Hujambo na wanao? Sisi huku wazima. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi iliyopita nilipanda Morningside, kule milimani Uluguru, na njia nzima nilikuwa na nyinyi wawili, Mzee wangu na wewe.

Nilikwenda Moro kwa treni ya umeme. Saa mbili hazikutimia nikawa nimeshuka. Unajua Mzee alivyoisubiri treni hii, kila habari yake redioni lazima atunyamazishe. Akafariki Machi, ikaanza safari Juni, 2024. Nilikaa dirishani kwa kuwa yeye angekaa dirishani.

Kwanza nilipita makaburini, Kola. Nikang'oa majani, nikapanga maua, nikakaa. Machozi hayakuja, wala la kusema sikulipata. Kaburi tumelijengea vigae vyeupe, linang'aa; Mzee hakuwahi kukaa mahali pasafi vile maisha yake yote. Nikaona bora nimfuate mlimani.

Njia ni ile ile uliyoilaani. Kina mama wanateremka na ndizi kichwani, mwendo kama wako tambarare, wanakusalimia bila hata kuhema. Unakumbuka ulivyokuja na viatu vya mchuchumio, tulipomaliza kidato cha 6? Mzee hakukucheka. Alivua ndala zake akakupa, yeye akapanda pekupeku, na kila ulipouliza kama bado mbali alijibu, "Hapo tu." Basi safari hii, pumzi zimeniishia, nikamuuliza mzee mmoja aliyejitwika kuni. Akaelekeza kwa kidevu: "Hapo tu, mwanangu." Neema, nililia palepale njiani, huku nacheka. Sijui alinionaje. Akatua mzigo wake, akasimama na mimi mpaka nikatulia, hakuuliza kitu. Na hapo tu yenyewe ilikuwa saa nzima.

Nyumba ya Wajerumani bado ipo. Kilele cha Bondwa kilikuwa kimejifunika wingu, hata minara haikuonekana. Sikuendelea, kule ni hifadhi, panahitaji kibali, na magoti yangu si ya kidato cha 6.

Nilichotaka kuona ni shamba. Mzee alizaliwa 1955, mwaka ambao Waluguru waliwagomea Waingereza kuhusu kuchimba matuta. Tarehe Bibi hakuijua, alichojua ni kwamba kijana wake ni wa mwaka wa matuta. Halafu huyohuyo wa mwaka wa matuta akaja kuyachimba mwenyewe, kwa hiari yake, udongo usiteremke na mvua. Alikuwa akijicheka sana kwa hilo.

Matuta yapo. Kabichi zimejaa, na kipande cha stroberi kando. Anayelima ni mtoto wa shangazi, na ndivyo inavyopaswa: kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo shamba la Mzee ni la wapwa zake, si letu. Mama naye Mchaga, kwao mtoto ni wa baba. Mimi nimedondoka katikati ya milima miwili! Nilidhani nitaumia kumwona mtu mwingine na jembe pale. Niliumia kidogo, sikufichi. Lakini alinifungashia stroberi kwenye jani la mgomba kama Mzee alivyokuwa akifanya, kingo zimekunjwa ndani, na sikuona sababu ya kununa.

Wakati wa kushuka nilikaa mtoni, nikavua viatu. Mahali pale Mzee alikuwa hapiti bila kuosha miguu, na lazima aseme, "Wape salamu watu wa Dar." Nilikuwa nachukia utani ule nilipohamia huku, maana ni kweli: mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo tunayokunywa. Nikatumbukiza miguu. Maji ya baridi kama barafu. Nikatuma salamu.

Jumanne maji yalitoka Kimara, baada ya siku tatu za mgawo. Nikajaza ndoo zote, na sufuria.

Desemba ukija likizo twende wote. Ndala nitakubebea.

Wako,
Tatu