Barua ya wazi kwa vijana wanaoandaa mkoba wa michoro

Wanangu,

Marahaba. Najua hamjaniamkia, ila nimeitikia mapema tusipotezeane muda, maana mikoba yenu inatakiwa mwanzoni mwa Mei na Mei haina subira.

Nawaandikia ninyi watoto wa Waswahili mnaosoma sekondari huku Marekani na mmejiandikisha AP Drawing, yaani somo la uchoraji la kiwango cha chuo linalosomwa sekondari, ambalo mtihani wake ni mkoba: mkusanyiko wa kazi zako mwenyewe. Kabla ya kuja kuishi na wanangu nilifundisha uchoraji nyumbani miaka mingi, na leo nakiri kwamba nilisahihisha vibaya. Karatasi safi, sura iliyofanana na picha, kivuli kilicholainishwa kwa kidole: hapo nilitoa alama bila kuuliza neno. Mjukuu wangu akaurithi ugonjwa huo. Alichora nyuso 15 za wachezaji mpira, zote kutoka picha zilizopigwa na watu wengine alizozikuta kwenye simu, akipiga miraba juu ya picha na kuihamishia kwenye karatasi chumba kwa chumba. Mimi ndiye niliyempigia makofi sebuleni. Matokeo yalipotoka alikuwa na 2, na alama zenyewe huanzia 1 hadi 5. Nyumba nzima tulinuna.

Hasira ziliposhuka nikamwambia anisomee mwongozo wa usahihishaji, tena polepole. Mkoba una sehemu mbili. Kubwa ni ya uchunguzi endelevu, yenye asilimia 60: picha 15, pamoja na maandishi mafupi ya kueleza ulikuwa unatafuta nini na njiani ulibadilisha nini. Nyingine, asilimia 40, ni kazi 5 unazochagua mwenyewe. Ustadi wa mkono unatazamwa kote: mstari, alama za kalamu, nafasi, mwanga na kivuli, mpangilio. Lakini katika ile kubwa wanatafuta pia mazoezi, majaribio na marekebisho.

Hapo ndipo tulipoanguka. Picha 15 si lazima ziwe michoro 15 iliyokamilika. Unaruhusiwa kuweka picha ya kazi ikiwa bado njiani, au kipande kimoja kilichosogezwa karibu. Mjukuu wangu majaribio alikuwa nayo, tena mengi, ila yalikuwa yameshakwenda na gari la taka. Mtu anayesahihisha hakujui, hajawahi kukuona umeinama juu ya meza saa saba za usiku. Ataamini alichowekewa mbele yake tu.

Jambo la swali nalo mlishike. "Napenda mpira" si swali. Lakini ukijiuliza mwili wa mchezaji unakuwaje pale anapojua mechi imeshapotea, mabega yanakwenda wapi, mikono inajificha wapi, utalazimika kubadilisha pembe, kuacha penseli na kujaribu mkaa, kurudia. Huo mrudio ndio mnaoambiwa mwonyeshe. Na zile picha za watu wengine: ukinakili picha iliyochapishwa na mtu mwingine bila kuigeuza kwa kiasi kikubwa iwe kitu chako, hiyo inahesabiwa kuwa wizi wa kazi. Mchoreni mjomba aliyelala kwenye kochi. Yupo, hadai malipo.

(Wazazi mnaosoma barua hii kwa kuchungulia: msiwaambie watoto "hii imeharibika, tupa." Mimi nimelisema hilo neno mara nyingi.)

Kazi mnazituma kwa mtandao, kwa hiyo zipigeni picha karibu na dirisha, mchana, bila mwanga wa flashi. Kivuli cha simu kikiangukia karatasi, msahihishaji hana namna ya kujua kuwa si chako.

Mwaka huu ni zamu ya dada yake. Anachora mikono ya mama yake akikanda unga wa chapati. Katika jaribio la nne kidole gumba kimekuwa kama muhogo, na juzi nilimkuta na kifutio mkononi. Nimekichukua. Kiko mfukoni mwa koti langu.

Babu yenu